Alama mia moja za mashine si ushahidi wa huduma

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya watumishi wa serikali na walimu huko Ilongero, mkoani Singida.



Nimeombwa nizungumzie ukaguzi wa kurasa za mtandao. Huenda wapo wanaodhani kwamba hiyo ni kazi ya mafundi wa kompyuta peke yao. Sivyo. Siku hizi tangazo la kazi, fomu ya kujiunga na shule na hati ya mshahara hupatikana mtandaoni. Kwa hiyo ukurasa wa mtandao ni ofisi, na ofisi ambayo baadhi ya wananchi hawawezi kuupita mlango wake haijatimiza wajibu wake.

Chukueni mfano wa mwalimu asiyeona. Shule ya Wasioona ya Buigiri, katika mkoa jirani wa Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950. Wasomi wasioona si jambo geni katika nchi yetu. Mwalimu huyo hutumia programu inayomsomea maandishi kwa sauti, kama NVDA, ambayo hutolewa bure. Lakini barua ikipigwa picha, pamoja na mhuri na sahihi yake, kisha ikabandikwa mtandaoni, mara nyingi kwake ni sawa na karatasi tupu. Na fomu ikiwa na visanduku visivyo na majina, hajui wapi aandike nini. Mwisho hulazimika kumpa mtu mwingine nenosiri lake ili asomewe mambo yake ya siri. Huko ni kumnyang'anya mtu mzima heshima yake.

Ili kuondoa vikwazo vya namna hiyo, shirika la W3C linalosimamia viwango vya mtandao lilitoa mwongozo wake wa kwanza mwaka 1999. Toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Zipo pia programu zinazokagua ukurasa zenyewe, kama WAVE na Lighthouse. Programu hizo hupitia maagizo yaliyoujenga ukurasa na kuuliza: Je, picha ina maelezo ya maandishi? Je, kila kisanduku cha fomu kina jina? Je, rangi ya maandishi ya kawaida inatofautiana na ile ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1? Majibu hupatikana kwa muda mfupi, na Lighthouse hutoa alama hadi 100.

Manufaa yake ni makubwa. Mwaka 2024 taasisi ya WebAIM ya Marekani ilikagua kwa njia hiyo kurasa za mbele za tovuti milioni moja, ikakuta makosa katika asilimia 95.9 ya kurasa hizo. Hakuna jopo la wakaguzi ambalo lingeweza kuzipitia zote kwa macho.

Hata hivyo, ndugu zangu, tusiigeuze mashine kuwa hakimu. Mwaka 2017 wataalamu wa serikali ya Uingereza walitengeneza kwa makusudi ukurasa wenye vikwazo zaidi ya 140, kisha wakazipima programu za ukaguzi. Iliyofanya vizuri kuliko zote iligundua asilimia 40 tu. Mwaka 2019 mtaalamu Manuel Matuzović alitengeneza ukurasa usiotumika kabisa, na Lighthouse ikautunukia alama 100.

Kwetu sisi upo mtego mwingine. Kila ukurasa hutakiwa kutaja lugha yake. Ukurasa wa Kiswahili ukitaja kwamba ni wa Kiingereza, mashine huona lugha imetajwa, nayo huridhika. Lakini programu ya kusoma itayatamka maneno ya Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, na msikilizaji ataambulia kelele. Walimu mnaelewa jambo hili: maswali ya kuchagua herufi yaweza kusahihishwa na mashine, lakini insha sharti isomwe na mwalimu.

Taifa letu liliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Kwa hiyo jambo hili ni haki, wala si hisani.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, ukurasa ukaguliwe kwa programu kabla ya kutangazwa, na makosa yasahihishwe. Pili, tangazo litolewe kwa maandishi yanayosomeka, wala si kwa picha ya barua peke yake. Tatu, na hili ndilo kubwa, aitwe mwananchi mwenye ulemavu aujaribu ukurasa huo mbele yetu, tena tunyamaze wakati anapojaribu. Akifika mwisho wa fomu bila kushikwa mkono, hapo ndipo tuseme kwamba ofisi iko wazi.