Neno Dogo "Isipokuwa"

Mwenye taa na aisogeze karibu, na mwenye kalamu aishike. Ndugu viongozi wa vikundi, tafadhali andikeni ubaoni neno moja tu, kwa herufi kubwa: ISIPOKUWA.

Sasa tulisome pamoja, polepole: i-si-po-ku-wa. Tena: isipokuwa.

Kila mmoja wetu hulisema neno hili kila siku. Lakini kulisema ni jambo moja, na kuliona katika karatasi ni jambo jingine. Tuseme jirani yako amekuandikia hati: "Nimemwuzia ndugu huyu ng'ombe wangu wote, isipokuwa yule wa madoa." Wewe umesoma mwanzo tu, "ng'ombe wangu wote," ukafurahi, ukatia dole gumba. Jioni unakwenda kuchukua ng'ombe wako, na yule wa madoa, mwenye maziwa mengi kuliko wote, anabaki zizini kwa jirani. Je, umedanganywa? Hapana. Neno lilikuwapo. Wewe hukufika kwenye neno.

Leo nitawasimulia jinsi neno hili lilivyowafunga watu maelfu na maelfu. Habari hizi ni za kweli, nazo zilitokea Marekani, katika jimbo la kusini liitwalo Georgia. Jina hili tulitamke "Jojia."

SHERIA YA MWAKA 1865

Wamarekani weusi ni wazao wa Waafrika waliochukuliwa kwa nguvu na kuvushwa bahari. Huko walifanywa watumwa, wakalima pamba, mpunga na miwa bila ujira. Mwaka 1861 majimbo ya kaskazini na ya kusini yalianza kupigana vita. Vita vilikwisha mwaka 1865, na kusini ikashindwa.

Ndipo Katiba ya Marekani ikaongezwa sheria mpya, iitwayo Badiliko la 13. Ili sheria hiyo iwe na nguvu, majimbo 27 yalipaswa kuikubali. Jimbo la 27 lilikuwa Georgia yenyewe, tarehe 6 Desemba, 1865.

Maana ya sheria ile kwa Kiswahili ni hii: utumwa na kazi ya kulazimishwa hautakuwapo Marekani, isipokuwa kama adhabu kwa mtu aliyehukumiwa kwa kosa.

Mmeliona? Watu walisikia mwanzo wa sheria, "utumwa hautakuwapo," wakaimba na kushukuru Mungu. Walikuwa na haki ya kuimba. Lakini wenye mashamba waliisoma sheria mpaka mwisho.

Baada ya hapo majimbo ya kusini yakatunga sheria za uzururaji. Mtu mweusi asiye na kazi, au asiyeweza kuonyesha kwamba ana bwana wa kumwajiri, aliweza kukamatwa. Alitozwa faini asiyoweza kuilipa, na asipolipa, alifanyishwa kazi. Kwa njia hiyo mtu aliyekuwa mtumwa jana alikuwa mfungwa leo, na jembe lilikuwa lile lile.

KURA NA MINYORORO

Mwaka 1867 Bunge la Marekani liliamuru kwamba wanaume weusi wa kusini wapige kura. Katika mwezi wa Aprili, 1868, watu wa Georgia walipiga kura, na watu weusi 33 wakachaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la jimbo. Wengi wao miaka minne tu nyuma walikuwa mali ya watu.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwezi wa Mei wa mwaka ule ule, jemadari wa jeshi aliyekuwa akitawala Georgia kwa muda, Thomas Ruger, alitoa wafungwa weusi 100 kwa mwenye kampuni ya reli. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, kwa dola 2,500.

Chukueni kalamu tufanye hesabu. Dola 2,500 gawanya kwa watu 100. Mnapata nini? Dola 25. Hiyo ndiyo bei ya mtu mmoja kwa mwaka mzima. Fedha hizo hazikwenda kwa mfungwa wala kwa watoto wake. Zilikwenda serikalini.

Desturi hii iliitwa kukodisha wafungwa. Kukodisha ni kumpa mwingine kitu chako akitumie, naye akulipe. Watu hukodisha nyumba, au shamba, au baiskeli. Serikali ya Georgia ilikodisha watu.

Je, wajumbe 33 walifanya nini? Hawakupata nafasi. Mwezi wa Septemba, 1868, wajumbe weupe waliwafukuza barazani. Sababu iliyotolewa ilikuwa hii: sheria imesema watu weusi wapige kura, lakini haikusema kwamba wachaguliwe. Mmoja wa waliofukuzwa, Mchungaji Henry McNeal Turner, alisimama akahutubia baraza kwa ujasiri, akadai haki yake kama mwanadamu. Hawakumsikiliza. Katika mwezi huo huo, watu weusi waliokuwa wakienda kwenye mkutano wa siasa katika mji wa Camilla walipigwa risasi, na wengi wakafa na kujeruhiwa.

Mwaka 1870 serikali kuu iliwarudisha wajumbe wale barazani. Lakini walikuwa wachache. Hata gavana wa chama walichokipigia kura wao wenyewe aliendelea kuwakodisha wafungwa. Kura ilikuwa mkononi mwao, lakini polisi, hakimu, gereza na hazina vilikuwa mikononi mwa wengine.

HABARI ZA MCHUNGAJI CAMPBELL

Katika wale 33 alikuwapo mzee aitwaye Tunis Campbell. Hakuzaliwa mtumwa. Alizaliwa mwaka 1812 katika jimbo la New Jersey, kaskazini, akasoma, akawa mchungaji. Vita vilipokwisha alikwenda visiwa vya pwani ya Georgia, akawasaidia watu waliopata uhuru kugawana mashamba na kufungua shule. Baadaye alihamia bara, katika wilaya ya McIntosh. Huko aliandikisha wapiga kura, akachaguliwa mjumbe wa Seneti ya jimbo, tena akawa hakimu mdogo.

Kama hakimu, Bwana Campbell aliwasikiliza watu weusi walipodhulumiwa na wenye mashamba, na mweupe aliyekosa alimwita mbele yake kama alivyomwita mweusi. Aliwafundisha wafanyakazi kutaka mkataba wa haki kabla ya kushika jembe. Kwa hiyo wakubwa wa jimbo walimchukia sana.

Walimshtaki kwamba alimfunga mtu mweupe kinyume cha sheria. Alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Mwaka 1876 mzee huyu, mwenye umri wa miaka 63, alitiwa pingu akapelekwa kufanya kazi ngumu shambani, akiwa mfungwa wa kukodishwa.

Tafakarini jambo hili, ndugu. Mtu aliyekaa katika Baraza la Kutunga Sheria. Mtu aliyekuwa hakimu. Neno "isipokuwa" likamfikia hata yeye, kwa sababu wenye nguvu walihitaji hukumu moja tu. Alipotoka aliondoka Georgia, na mwaka 1877 akatoa kitabu kidogo kueleza mateso yake na ya jamaa yake. Alijua kuandika, na kwa hiyo sisi leo tunajua habari zake.

FAIDA ILIKUWA YA NANI?

Katika mwaka ule ule wa 1876, Georgia ilitunga sheria ya kuwakodisha wafungwa wake wote kwa kampuni tatu, kwa muda wa miaka 20. Bei yote ilikuwa dola 500,000. Gawanya kwa miaka 20: ni dola 25,000 kwa mwaka. Wafungwa walikuwa zaidi ya elfu moja. Haya, kila mtu mmoja alikodishwa kwa kiasi gani? Haifiki hata dola 25.

Mmoja wa waliopata faida alikuwa Joseph Brown, aliyewahi kuwa gavana wa Georgia. Wafungwa walichimba makaa ya mawe katika migodi yake. Mwingine alikuwa James English, aliyewahi kuwa meya wa mji wa Atlanta. Wafungwa walifyatua matofali katika kiwanda chake kando ya mto Chattahoochee, na matofali hayo yakajenga mji. Sehemu kubwa sana ya wafungwa walikuwa watu weusi. Walichapwa viboko, walilala na minyororo, na wengi walikufa.

Mwenye mtumwa wa zamani alikuwa katili, lakini alimnunua mtumwa kwa fedha nyingi, na akifa amepata hasara. Mwenye kukodi mfungwa hakupata hasara. Mfungwa mmoja akifa, aliletwa mwingine.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1897 mama mmoja mweusi wa Atlanta, Bibi Selena Sloan Butler, alitoa hotuba mbele ya wanawake wenzake kueleza mateso ya kambi za wafungwa. Mwaka 1901 Bwana W. E. B. Du Bois, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Atlanta, aliandika kwamba desturi hii ni mtoto wa utumwa. Du Bois ndiye yule aliyehamia Ghana katika uzee wake, akafa Accra mwaka 1963.

MWAKA 1908

Mwaka 1908 Georgia ilitunga sheria ya kukomesha kukodisha wafungwa kwa kampuni. Ni habari njema? Ngojeni kwanza.

Wafungwa hawakuachwa kupumzika. Walipelekwa kutengeneza barabara za serikali, wamefungwa minyororo miguuni. Mambo hayo yaliendelea mpaka mwaka 1943, minyororo ilipopigwa marufuku.

Tena, katika mwaka ule ule wa 1908, Georgia ilibadili katiba yake ili kuwazuia watu weusi wasipige kura. Mtu aliyetaka kuandikishwa aliweza kuambiwa asome na kuandika kifungu cha katiba. Mweupe asiyejua kusoma alipewa mlango mwingine: kama yeye, au baba yake, au babu yake alikuwa askari vitani, aliandikishwa. Mweusi aliyejua kusoma alisikilizwa na karani mweupe, na karani ndiye aliyesema kama amesoma vema au vibaya.

Mjumbe mweusi wa mwisho, kutoka wilaya ile ile ya McIntosh ya mzee Campbell, alikwisha kutoka barazani mwaka 1907. Hakuingia mwingine mpaka alipochaguliwa Leroy Johnson, mwaka 1962. Hesabuni: 1962 toa 1907. Ni miaka 55.

MPAKA SIKU HIZI

Mwaka 1965 ilitungwa sheria kuu ya kulinda haki ya kupiga kura. Mwaka 1973 mji wa Atlanta ulimchagua meya wake wa kwanza mweusi, Maynard Jackson. Mwezi wa Januari, 2021, Georgia ilimchagua Mchungaji Raphael Warnock kuwa mtu mweusi wa kwanza kutoka jimbo hilo kuingia katika Seneti ya Marekani. Mwaka 2022 mji wa Atlanta ulinunua mahali palipokuwa kiwanda cha matofali, ili pawe pa ukumbusho. Haya ni mambo makubwa, wala tusiyadharau.

Lakini Badiliko la 13 bado lina neno lile lile. Katika magereza ya Georgia zaidi ya nusu ya wafungwa ni weusi, ingawa katika watu wote wa jimbo weusi ni kama theluthi moja. Kazi nyingi wanazozifanya hazina ujira. Mwezi wa Desemba, 2010, wafungwa weusi, weupe na wengine wa magereza kadhaa ya Georgia waligoma pamoja, wakakataa kutoka vyumbani, wakidai walipwe. Tena mtu aliyehukumiwa kwa kosa kubwa katika Georgia hapigi kura mpaka amalize adhabu yake yote. Basi yule ambaye neno hili linambana zaidi ndiye asiyeweza kupiga kura ya kulifuta.

Majimbo mengine yameanza kulifuta katika katiba zao: Colorado mwaka 2018, Nebraska na Utah mwaka 2020, Alabama, Tennessee, Oregon na Vermont mwaka 2022, Nevada mwaka 2024. California iliulizwa mwaka 2024, na wapiga kura wengi wakakataa.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ulikuwa wa neno moja, nao umekaa zaidi ya miaka 150.

Msidhani, ndugu zangu, kwamba nimewaambia kura haina kazi. Kama haina kazi, kwa nini waliiogopa hata wakamfunga mzee wa miaka 63? Nasema kwamba kura ni mwanzo. Baada ya kumpeleka mtu barazani, ulizeni: nani anaandika sheria? Nani anashika ufunguo wa gereza? Nani anapata faida? Na karatasi ikiletwa mbele yenu, isomeni mpaka nukta ya mwisho.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Badiliko la 13 lilikataza nini, na liliacha nini?
2. Kwa nini wajumbe 33 walifukuzwa barazani mwaka 1868? Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli, au kisingizio?
3. Mzee Campbell alikuwa na cheo. Kwa nini cheo hakikumwokoa?
4. Mwenye kukodi mfungwa, na mwenye mtumwa, ni nani aliyejali zaidi uhai wa mfanyakazi? Kwa nini?
5. Andika sentensi mbili zako mwenyewe zenye neno "isipokuwa." Mpe mwenzako azisome kwa sauti, na akueleze ni nani amebaki nje.

Katika somo lijalo tutajifunza kusoma mkataba wa kazi. Mwenye nakala ya mkataba nyumbani na aje nayo. Kwa herini, ndugu wasikilizaji.