Kijiko cha Mawese na Mwendo wa Saa Moja
Mhadhara wa umma kwa wakazi wa Kabimba, Kalemie, jimbo la Tanganyika



Nimeombwa niseme juu ya kupunguza uzito. Najua wapo watakaouliza: katika jimbo hili, ambako mapigano yaliyopamba moto 2016 yamewafukuza watu vijijini mwao na watoto wengi hawashibi, nani ana haja ya kukonda? Swali ni la haki. Lakini njaa na unene hukaa mji mmoja, mara nyingine nyumba moja, na presha na kisukari havingoji njaa iishe ndipo vianze.

Tumwangalie mtu ambaye wengi wenu mnamjua kwa sura. Alikuwa akibeba mifuko ya simenti, kilo 50 begani, kutwa nzima. Leo yuko ofisini au anaendesha mashine. Tonge la bukari ni lilelile la siku za kubeba, na kwa kuwa mshahara umepanda, jioni imeongezeka chupa ya bia. Miaka michache baadaye mkanda haufiki. Anaanza kukimbia alfajiri. Mwezi unaisha, anapanda mzani, kilo ni zilezile. Anaacha na kusema unene ni wa ukoo.

Hebu tupige hesabu. Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita 5 kwa saa moja anatumia takriban kalori 280. Ukitoa zile ambazo angetumia hata kama angekaa tu, zinabaki kama 200. Sasa tuingie jikoni. Sombe imeiva, na mpishi anainamisha chupa ya mawese juu ya sufuria. Kijiko kimoja kikubwa ni karibu kalori 120, kwa sababu gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na gramu ya wanga au ya protini ina 4. Vijiko viwili vimekwisha kuumeza mwendo wote wa saa moja, na chupa bado imeinama. Bia ya sentilita 72 ni karibu kalori 300. Kuzinywa ni dakika chache.

Kuna jambo lingine, na ushahidi wake umetoka ng'ambo ya ziwa letu, Tanzania, kwa Wahadza wa Ziwa Eyasi. Wanaume wao hutembea kama kilomita 11 kwa siku wakiwinda na kutafuta asali. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu wanazotumia Wahadza kwa siku. Wakiisha kuzingatia ukubwa wa mwili, waliona kwamba Wahadza hawatumii zaidi ya Wamarekani na Wazungu wanaokaa kwenye viti. Maelezo anayoyatoa Pontzer ni kwamba mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi mengine ya ndani, kama nyumba ambayo mshahara umechelewa. Kwa hiyo jasho peke yake ni njia ndefu mno ya kukonda. Uzito hushukia sahanini.

Mafuta ya mwilini, kilo moja, ni takriban kalori 7,700. Mtu akipunguza kalori 500 kila siku atashuka karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni, kisha kasi hupungua, maana mwili mdogo huhitaji kidogo. Hapo wengi hukata tamaa bure.

Je, mazoezi tuyaache? Hata kidogo! Anayepunguza chakula bila kujitikisa hupoteza misuli pamoja na mafuta. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mwendo kwa wiki, na faida yake kwa moyo na sukari ya damu huja hata kilo zisiposhuka. Marekani kuna daftari lililofunguliwa 1994 la watu waliopunguza uzito na kuuzuia usirudi: wengi wao hujishughulisha karibu saa moja kila siku, hasa kwa kutembea. Chakula hushusha, miguu hulinda.

Kinachonisikitisha zaidi ni maneno ya watu. Mama akikonda, jirani ananong'ona kwamba ana ukimwi, au kwamba mumewe hamtunzi. Wapo wanaorudia kula sana ili wanyamazishe midomo hiyo. Tuache kuwafanyia wenzetu hivyo.

Watoto, wenye mimba, wanaonyonyesha na wagonjwa wa kifua kikuu hawahusiki na ushauri huu. Anayetumia dawa za kisukari aonane kwanza na mganga wa kituo cha afya. Ninyi wengine, anzeni leo jioni. Mawese yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka chupani. Ndakala zichemshwe na nyanya badala ya kukaangwa. Sombe ijae sahani, bukari ipungue robo, bia ingoje siku ya sherehe. Na kesho asubuhi, anayekaa karibu na kazi yake aiache pikipiki, aende kwa miguu.