Intaneti Moja, Kompyuta Tatu: Namna ya Kuunganisha Nyumba kwa Gharama Nafuu



Nyaya za kwanza za intaneti za chini ya bahari kuingia Kenya, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka wa 2009. Hata hivyo, zipo nyumba nyingi hapa Pwani ambamo mwanafunzi wa chuo bado husubiri mama arudi na simu ndipo afungue kompyuta yake. Kazi ya kuwasilishwa usiku huo haimsubiri mama.

Tuanze na hesabu. Tuseme nyumba ina watu watatu, na kila mmoja hununua bando la shilingi 50 kwa siku. Kwa siku 30, hizo ni shilingi 4,500. Kabla ya kusema intaneti ya nyumbani ni ya matajiri, familia ilinganishe kiasi hicho na ada ya mwezi ya kampuni iliyofikisha faiba mtaani. Anayeishi peke yake na kutumia kidogo, bando bado litamfaa.

Linalofuata ni kasi, na hapa wengi hulipia wasichohitaji. Darasa la video hutumia takriban megabiti 1 hadi 3 kwa sekunde. Filamu safi huhitaji kama 5. Kujaza ritani za KRA hutumia kidogo mno, hata kama ni usiku wa tarehe 30 Juni. Kwa hivyo megabiti 10 zinaweza kutosha kompyuta tatu, mradi simu zote za nyumbani zisiwe zinacheza video wakati huo huo. Jihadharini na herufi za matangazo pia: megabiti 8 ndizo megabaiti 1. Faili la megabaiti 10 kwenye kifurushi cha megabiti 10 hupakuliwa kwa sekunde 8 hivi, si moja.

Sasa kuta. Malalamiko mengi ya "intaneti imelala" chanzo chake si kampuni, ni nyumba yenyewe. Fundi huja, hupitisha waya karibu na mlango, rauta hubaki hapo hapo kando ya televisheni. Chumba cha nyuma kiko ng'ambo ya kuta mbili nene za mawe ya matumbawe, na huko mawimbi hufika yamechoka. Siku ya kufungiwa, mwenye nyumba amwombe fundi aweke rauta katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na friji na mabati. Kuihamisha baadaye huenda kukalipiwa.

Rauta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya 2.4 hupenya kuta na kufika mbali; ya 5 yana kasi zaidi lakini hayaendi mbali. Kompyuta ya sebuleni ijiunge na ya 5, ya chumba cha nyuma ijiunge na 2.4.

Kompyuta isiyohamishwa haihitaji waifai kamwe. Waya wa mtandao unaweza kufika mita 100 bila kudhoofika, na rauta nyingi zina matundu yake kwa nyuma. Ikiwa chumba cha nyuma kina watu wawili, waya huo huo unaweza kupelekwa kwenye rauta nyingine, hata kuukuu, ili itoe waifai huko. Fundi azime kazi yake ya kugawa anwani, iachiwe rauta kuu. Zikigawa zote mbili, kompyuta hukosa njia. Vile vifaa vya bei ya chini vya kurudia mawimbi bila waya huonekana rahisi, lakini vingi hupunguza kasi karibu nusu.

Neno la siri lililobandikwa chini ya rauta libadilishwe siku hiyo hiyo, pamoja na lile la kuingilia mipangilio, ambalo wengi hulisahau. Wageni wafunguliwe mtandao wao, rauta ikiruhusu. Na kwa kuwa stima hupotea, betri ndogo ya rauta huweza kuiweka hai kwa saa kadhaa. Kile kisanduku cha faiba, kikiwa peke yake, nacho kiunganishwe na betri. Rauta ikiwaka bila hicho, hakuna intaneti.

Kwa wanaoishi kwenye ploti: kumgawia mgeni waifai ni ukarimu, lakini kuwauzia majirani ni biashara. Inahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na idhini ya kampuni. Mteja ambaye huduma yake hukatika mara kwa mara aandikie kampuni kwanza, atunze nambari ya lalamiko, na asipojibiwa alipeleke kwa Mamlaka hiyo.