Ekari Ngapi Ni Nyingi Mno? Ukomo wa Umiliki wa Ardhi Nchini Kenya



Kifungu cha 68 cha Katiba ya 2010 kinaliagiza Bunge liweke kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ya kibinafsi. Sheria ya Ardhi ya 2012 ikataka uchunguzi wa kisayansi utangulie. Mswada ukaandaliwa mwaka 2015, ukapingwa vikali, ukafifia. Wenye ardhi kubwa wana sauti kubwa, hilo tunalijua. Lakini nasi tuliwarahisishia kazi: tulibishana kuhusu idadi ya ekari kabla ya kukubaliana tunapima nini na tunamhesabu nani.

Tuanze na kipimo. Ekari 20 za chai kule Kericho, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima na wachumaji hurudi kwenye michai ileile kila baada ya siku chache, huajiri watu na kulipa karo. Ekari 20 katika nyanda kavu za Laikipia hazilishi hata kundi dogo la ng'ombe mpaka mvua irudi. Ukomo mmoja wa nchi nzima utamwonea mfugaji na kumpendelea tajiri mwenye ardhi ya rutuba.

Brazil wamelitafakari jambo hili. Kila manispaa ina kipimo chake, kati ya hekta 5 na 110, kinachozingatia kilimo kinachotawala pale na mapato yake. Shamba huitwa kubwa likizidi vipimo 15. Kwa hiyo hekta 100 ni shamba kubwa mahali pamoja, na kwingine hazifiki hata kipimo kimoja. Brazil bado ina mashamba makubwa ajabu, lakini namna hiyo ya kupima ni ya haki.

Kipimo pekee hakitoshi. Mwongozo wa India wa 1972 ulipendekeza ukomo wa ekari 10 hadi 18 kwa ardhi ya umwagiliaji yenye misimu miwili, na hadi ekari 54 kwa ardhi kavu. Wenye mashamba wakaandikisha vipande kwa majina ya jamaa, vibarua, hata watu wasiokuwepo. Hati zikawa nyingi, mavuno yakaendelea kuingia ghala moja.

Kwetu njia hiyo i wazi: kampuni kumi, hatimiliki kumi, mwenyewe mmoja. Kanuni za 2020 tayari zinazitaka kampuni zimtaje mnufaika halisi, na Ardhisasa, mfumo wa kidijitali wa kumbukumbu za ardhi, ulizinduliwa mwaka 2021. Kumbukumbu hizo mbili lazima zisomane, ili ekari zijumlishwe kwa mtu, si kwa hati.

Na anayevuka kizingiti si lazima anyang'anywe. Uskoti, katika mswada wa 2024, ilipendekeza wenye zaidi ya hekta 3,000 waandae mpango wa matumizi ya ardhi na kushauriana na jamii. Hapa kwetu tungeanza na wajibu wa aina hiyo, tukiongeza njia za mifugo na maji ya majirani.

Naliomba Bunge liurejeshe mswada ukiwa na misingi hii. Na ninyi wanafunzi wa sheria na upimaji ardhi, vipimo vya kila kaunti vinahitaji watafiti. Kazi hiyo ianzie hapa chuoni, mwaka huu.