Tembe la Kwihara Linahitaji Mikono ya Wakazi Kabla ya Masika



Dereva wa lori aendaye Kigoma huingia Tabora, akajaza dizeli, akala, akalala, kisha akaendelea na safari. Zaidi ya miaka 160 iliyopita Unyanyembe ilifanya kazi hiyo hiyo, ila mafuta ya safari yalikuwa chakula na mabega ya watu. Hapa wapagazi waliotoka pwani walitua mizigo, na wengine wakaajiriwa kwa ujira wa vitambaa na shanga kuibeba hadi Ujiji au Karagwe. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Baada ya mwendo huo, msafara haukuwa na hiari ya kupita bila kusimama.

Katika vituo hivyo, tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, ndilo linalojulikana zaidi. Februari 1872 David Livingstone na Henry Stanley waliingia humo wakitokea Ujiji. Stanley alishika njia ya pwani tarehe 14 Machi. Livingstone alibaki hadi tarehe 25 Agosti, akiwangoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kuwatuma. Mgeni mashuhuri kiasi hicho alikaa zaidi ya miezi mitano kwa sababu hapakuwa na wa kumbebea mzigo. Mwaka uliofuata Susi, Chuma na wenzao walipita Unyanyembe wakiwa na maiti yake, wakielekea pwani. Nyumba hiyo huitwa kwa jina la Livingstone, na si vibaya. Lakini inawahusu pia Wanyamwezi waliouza nguvu zao kwa mapatano, na watumwa waliopitishwa njia hiyo hiyo bila kuulizwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Kwihara imo.

Adui wa jengo la namna hii ni maji. Tembe ni kuta nene za udongo na paa la bapa. Mvua ikituama juu ya paa hupenya, na ikituama chini ya ukuta huula msingi. Wazee walilijua hilo, wakakandika kila mwaka. Siku hizi mwenye nia njema huleta saruji, na hapo ndipo madhara huanza: saruji haipumui kama udongo, unyevu hunaswa nyuma yake, ukuta ukalainika ndani huku nje ukionekana imara, hadi siku plasta inapobanduka na kipande cha ukuta. Fundi ajuaye kuchanganya udongo na nyasi ana thamani kubwa kuliko mifuko ishirini ya saruji. Mafundi hao bado wapo vijijini, ingawa wengi wao ni watu wazima, na vijana wanaojifunza kwao ni wachache.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inazuia kuharibu au kubadilisha kumbukumbu iliyohifadhiwa bila kibali. Kwa hiyo hata ukarabati wa hisani hupitia kwanza kwa wataalamu wa mambo ya kale.

Lakini zipo kazi za jirani. Udongo wa matofali usichimbwe karibu na kuta, kwa kuwa shimo hukusanya maji. Mifugo isifungwe kwenye ukuta. Mifereji izibuliwe Septemba na Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Aonaye ufa mpya, paa linalovuja au mtu anayebeba mawe na mbao za mlango, ampashe habari mtendaji wa kijiji au wa kata siku hiyo hiyo. Ufa wa upana wa kidole huzibwa kwa ndoo moja ya udongo. Ukiachwa misimu miwili ya mvua, hubeba ukuta mzima.