Shule na Wenyeji Wake: Habari za Wilaya ya Henrico

Jioni hii twapenda kuwapa habari za shule za wilaya ya Henrico, katika jimbo la Virginia, huko Marekani. Na kabla hatujamaliza mtaona jinsi habari hizo zilivyofika hata Kabete, karibu na Nairobi. Sisi tufundishao walimu twaipenda habari hii, maana yagusa jambo litusumbualo kila mwaka: kijana akiisha kutoka chuoni na kupelekwa kijijini, afanyeje hata wenyeji waione shule kuwa ni mali yao, wala si nyumba ya mgeni?

Zamani zile, katika majimbo ya kusini ya Marekani, sheria iliwatenga watoto weusi na weupe, kila watu na shule yao. Na shule za weusi zilipata sehemu ndogo sana ya fedha za kodi. Shule moja ya namna hiyo iliitwa Mountain Road. Mwalimu wake alikuwa Bibi Virginia Randolph, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa. Alipofika katika miaka ya 1890 alikuta kijumba kibovu na kiwanja kilichokuwa matope matupu. Hakungoja barua ya mkubwa wake. Alinunua changarawe kwa fedha zake mwenyewe, akaimwaga kiwanjani. Akapaka kuta chokaa, akapanda majani. Kisha akaanza kuwaendea wazazi majumbani mwao, na pamoja na kusoma na kuandika akawafundisha watoto kushona, kupika na kazi nyingine za mikono.

Basi baadhi ya wazazi wakanung'unika. Walitaka watoto wapewe kitabu. Jembe na sindano walikuwa wakivijua tangu zamani. Wengi wasimuliapo habari hii huwacheka wazazi wale. Sisi hatuwacheki. Huko Virginia, wakati wa utumwa, sheria ilikataza watumwa kukusanywa na kufundishwa kusoma. Mtu ambaye baba yake alifanyizwa kazi kwa viboko na kunyimwa herufi, akisikia kwamba mwanawe afundishwa kazi za mikono shuleni, ana haki ya kuuliza sababu. Wala Bibi Randolph hakuweza kuwashinda kwa maneno. Aliwavuta polepole, kwa kuwaita waje wafanye kazi pamoja naye. Mwezi wa Machi 1908 wazazi na watoto walikusanyika pale Mountain Road, wakapanda miti 12 ya kivuli kiwanjani. Na mtu aliyechimba shimo la mti shuleni huona haya kuiacha shule hiyo ianguke.

Wakati huohuo bibi mmoja wa Philadelphia, Anna Jeanes, alikuwa ametoa dola 1,000,000 katika mwaka wa 1907 kwa ajili ya shule ndogo za mashamba za watu weusi. Mkuu wa shule za Henrico, Bwana Jackson Davis, alikuwa ameziona kazi za Mountain Road. Akaomba sehemu ya fedha hizo, na mwaka wa 1908 akamweka Bibi Randolph azizungukie shule zote za weusi katika wilaya, zaidi ya 20. Akawa mwalimu wa kwanza wa Jeanes. Hakuja kama mkaguzi mwenye daftari la makosa. Kila alipofika aliwauliza mwalimu na wenyeji ni nini wawezacho kukitengeneza wenyewe. Taarifa ya kazi yake ilichapishwa na kupelekwa kwa wakuu wa shule wa sehemu nyingine za kusini, na wengi wakaiga.

Walakini twataka kusema neno juu ya fedha, maana michango ina pande mbili. Tangu mwaka wa 1912 tajiri mmoja wa Chicago, Julius Rosenwald, alisaidia kujenga shule za watu weusi, kwa sharti kwamba wenyeji nao watoe chao. Wakulima walitenga vipande vya shamba la pamba kwa ajili ya shule. Wanawake walipika vyakula wakauza. Wengine walitoa kiwanja, mbao, au nguvu za mikono. Hata mwaka wa 1932 majengo zaidi ya 5,300 yalikuwa yamesimama. Watu weusi walichanga dola milioni 4.7 na zaidi, kupita zile za tajiri mwenyewe, zilizokuwa kama milioni 4.3. Tena kumbukeni kwamba watu hawa walikuwa wamekwisha kulipa kodi kama wengine. Walilipa mara mbili kwa shule moja. Twausifu moyo wao. Ila serikali iliyowaacha walipe mara mbili hatuwezi kuisifu.

Mwaka wa 1924 ujumbe wa Phelps-Stokes ulipita Afrika Mashariki kutazama elimu, na Dakta Aggrey wa Gold Coast alikuwa mmoja wao. Mwaka uliofuata, kwa msaada wa fedha za Carnegie, ikafunguliwa Shule ya Jeanes pale Kabete. Walimu waliochaguliwa walikuja pamoja na wake zao, wakakaa katika nyumba ndogo zenye bustani, wakajifunza afya, ukulima na mafundisho. Kisha wakarudi kwao kuzizungukia shule za vijijini. Hapo ndipo penye hekima, kwa maoni yetu: mke alifundishwa pia, kwa kuwa mlango wa jikoni kwa jirani mwalimu mwanamume hawezi kuuingia. Na huku nako palikuwa na wazazi waliouliza kama kazi za mikono zilikuwa hila ya kuwazuilia watoto wao kitabu. Kwao pia jibu halikuweza kutoka katika hotuba.

Bibi Randolph aliacha kazi mwaka wa 1949, akafariki mwaka wa 1958. Kaburi lake li katika kiwanja cha shule huko Henrico, kando ya nyumba ndogo iliyojengwa mwaka wa 1937 ili wasichana wajifunze humo kazi za nyumbani, na ambayo baadaye ilifanywa kuwa nyumba ya makumbusho yake.