Mkwe kwa Kiingereza

Leo twataka kusema habari za neno moja la Kiingereza ambalo watu wengi hulitumia, na wachache hulitumia sawasawa, nalo ni «father-in-law», pamoja na jamaa zake «mother-in-law», «brother-in-law», «sister-in-law», «son-in-law» na «daughter-in-law». Kila moja huandikwa kwa vistari viwili vifupi, na kistari hakisikiki kwa sikio; basi aliye na kijitabu hiki mkononi na atazame herufi, na asiye nacho na ashike kalamu.

Kilichotutia hima ya kulichagua neno hili ni mkasa uliompata kijana mmoja tuliyemfundisha. Alipokwisha masomo alipata ukarani katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja. Mwaka ule ule baba yake mzazi akafariki. Akaandika kuomba ruhusa, «My father is dead», akapewa siku nne, akaenda kuzika. Baada ya miezi saba akafariki baba wa mkewe. Sasa, kwao kijana yule, mtu hamwiti mkwewe ila «baba», na kumtaja kwa namna nyingine ni kumvunjia heshima. Akaandika tena maneno yale yale, «My father is dead». Mkuu wa ofisi akafungua jalada, akaona kwamba baba wa mtu mmoja amekufa mara mbili katika mwaka mmoja. Ruhusa ikakataliwa, na kwa kuwa mazishi hayangoji, kijana akaenda bila ruhusa. Aliporudi alikuta mshahara wake umekatwa, na barua ya karipio imewekwa mezani pake, na ndani yake limo neno «mwongo».

Alitujia jioni na barua ile mkononi. Fedha hakuzitaja hata kidogo. Kilichomliza ni kuitwa mwongo juu ya kaburi la mkwewe, mtu aliyempa mke, naye alikuwa amesema kweli tupu kwa desturi ya kwao.

Twaona ya kuwa mkuu yule naye alikosa, maana kumwuliza mtu swali moja si kazi kubwa. Walakini tulione na neno lenyewe.

«In law» maana yake ni «kwa sheria». Sheria gani? Wengi hudhani ni sheria ya serikali, lakini asili yake ni sheria ya Kanisa, ile iliyoonyesha ni jamaa gani wasioweza kuoana. Mwaka 1563 Matthew Parker, Askofu Mkuu wa Canterbury, alitoa orodha ya jamaa hao, nayo ikawa ikichapishwa pamoja na Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza. Mtu akioa, mama wa mkewe huhesabiwa kama mama yake kwa sheria, na dada wa mkewe kama dada yake. Wala hayo hayakuwa maneno matupu: mpaka mwaka 1907 sheria ya Uingereza ilimkataza mtu kumwoa dada wa marehemu mkewe, na mpaka mwaka 1921 ilimkataza kumwoa mjane wa ndugu yake. Wasikilizaji ambao kwao kurithi mjane ni wajibu wa ndugu watastaajabu, na si ajabu wastaajabu.

Kwa hiyo vistari vile viwili vina kazi. Vyafunga maneno matatu yawe jina la mtu mmoja. Mwanafunzi mmoja alituandikia, «My brother in the law is coming». Tukadhani nduguye ni askari polisi au wakili, kumbe ni shemeji yake. Andikeni «My brother-in-law is coming», bila «the», wala msisahau kistari cha pili, maana wengi hutia cha kwanza wakachoka.

Penye wingi ndipo wanapoanguka hata walimu. Herufi ya wingi haitiwi mwishoni, bali hutiwa katika neno la mtu, kwa sababu walioongezeka ni ndugu, si sheria. Twasema «I have three brothers-in-law», wala si «three brother-in-laws». Lakini katika kumiliki mambo hugeuka, na alama huenda mwishoni kabisa: «This is my mother-in-law's house». Na ukitaka kuwataja wakwe wote kwa jumla, Waingereza husema «my in-laws», na hapo wingi umekwenda mwishoni. Twakiri kwamba jambo hili halina haki, lakini ndivyo lugha yao ilivyo.

Tena Kiingereza hakina neno moja la mkwe. Kwetu baba wa mke ni mkwe, na kijana aliyeoa naye ni mkwe. Kwao wa kwanza ni «father-in-law», wa pili ni «son-in-law», na kuvichanganya ni kumfanya mzee kijana. Kwa upande mwingine sisi twawapita. Shemeji, wifi, na hata wanyumba, yaani wanaume waliooa dada wawili, wote Mwingereza huwatia katika kapu mbili tu, «brother-in-law» na «sister-in-law». Ikiwa yakupasa kueleza ni yupi hasa, sema «my wife's brother» au «my sister's husband», bila kistari.

Mama wa kambo msimtie humo. Yeye ni «stepmother», neno moja. Zamani Waingereza wenyewe waliyachanganya, na katika kitabu cha Charles Dickens cha Pickwick, kilichotoka mwaka 1836 na 1837, Sam Weller humwita mke wa baba yake «mother-in-law». Leo ni kosa.

Basi usiku ule tulikaa na yule kijana kuandika barua. Tuliandika: «The man who died in March was my father. The man who died in October was my father-in-law. Among my people both are called father.» Alikataa kwanza kutia neno lile la pili, akisema ni kama kumsukuma mzee nje ya nyumba. Tukamwonyesha sentensi ya tatu, akatia sahihi.

Mshahara wa siku zile alirudishiwa. Barua ya karipio haikuondolewa katika jalada. Barua yake iliwekwa juu yake.